Mkaaji wa Fahari ya Upeo

Nchi ninayoisimulia ina pwani fupi na sheria ndefu, na watu wake hawana wasiwasi, kwa sababu kila balaa linaloweza kuwapata limeshaandikiwa kifungu.

Desturi yetu kongwe kuliko zote ni ya kuketi. Tangu enzi za mababu, mwenye nyumba anaposafiri hawezi kuuacha mlango wake mtupu. Hutafuta mtu wa kuketi kizingitini, na mtu huyo huitwa mkaaji. Mbuzi wa nyumba ile akila kunde za jirani, atakayelipa ni mkaaji. Mtoto wa nyumba ile akivunja dirisha la watu, atakayeitwa ni mkaaji. Mwenye nyumba akirudi huleta kanga mbili, husema ahsante, na maisha huendelea. Ilikuwa desturi ya ujirani, na kwa kuwa safari zilikuwa fupi na mbuzi walikuwa wachache, haikumuumiza mtu.

Serikali yetu, ambayo hupenda desturi, iliichukua ikaiweka katika Sheria ya Meli za Biashara. Maneno yake ni machache, na hata mimi niliyaweza mwezi wangu wa kwanza darasani: Aliyemo ndiye mwenye. Maana yake ni kwamba meli ikiwa na kosa, kesi au tobo, na mwenyewe hapatikani, atakayejibu ni yule atakayekutwa ndani yake. Wenye meli wa dunia nzima walipoisikia sheria hiyo, waliipenda bendera yetu kwa mapenzi ambayo hatujapata kuonyeshwa hata na mabalozi. Meli zilizochoka zikaletwa kwetu, kama mgonjwa anayehamishiwa kwa jirani ili msiba usiwe wa kwao.

Darasa letu la kisomo cha watu wazima liko nyuma ya ghala la bandari. Vitabu vya alfabeti vilikuwa havijafika, lakini nakala za Sheria ya Meli zilikuwa zimechapishwa kwa wingi kupita idadi ya mabaharia, basi Mwalimu Kidawa alitugawia hizo. Wenzetu wa nchi nyingine huanza na "baba" na "kuku". Sisi tulianza na "chombo", "shehena" na "dhima". Bi Hadia, muuza vitumbua niliyekuwa nikiketi naye dawati moja, aliuliza kama hakuna kifungu chenye kuku.

"Kipo," alisema Mwalimu Kidawa. "Ni kile cha chakula cha mabaharia. Lakini humo kuku ametajwa kwa hiari ya mwenye meli."

"Basi hayupo," alisema Bi Hadia, akafungua ukurasa mwingine.

*

Mwanangu Shekue alikuwa mpishi katika Fahari ya Upeo, meli ya mafuta iliyotia nanga mbele ya mji wetu. Siku moja nahodha alishuka kununua sigara na hakurudi. Mhandisi akashuka kumtafuta nahodha. Mabaharia wakashuka kumtafuta mhandisi. Wote walikuwa watu wa nchi za mbali, waliozisoma sheria zetu kabla ya kuja. Shekue alizaliwa hapa, kwa hiyo hakuona haja ya kuzisoma. Alibaki jikoni akisugua sufuria ya wali iliyoungua.

Ndipo karani wa mahakama alipopanda ngazi ya kamba kuja kubandika amri ya kuizuia meli. Kampuni iliyoimiliki ilikuwa imetoweka, na ofisi yake ilipotafutwa ilikutwa ni sanduku la posta lenye buibui. Karani alisimama kwenye sitaha akaita, "Nani yumo?" Mwanangu, niliyemlea mwenyewe kuitika anapoitwa, alichungulia na povu la sabuni mikononi, akasema, "Mimi hapa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa mkaaji, nahodha na mwenye meli kabla povu halijakauka.

Kushuka hakuruhusiwa mpaka apatikane badali wa kuketi mahali pake. Akishuka bila badali atakuwa baharia mtoro, na kwa kuwa meli ni yake kisheria, atakuwa pia amejitorosha mwenyewe, kosa ambalo ni zito zaidi. Boti ya ulinzi iliwekwa kuizunguka meli ili kumsaidia asishawishike.

Mimi nilijipa moyo. Nilisema, serikali haiwezi kumweka mtoto wa watu juu ya maji bila sababu.

*

Mvua za vuli zilipoanza, Fahari ya Upeo iliinama kidogo upande wa kushoto, na ufukwe wetu ukaanza kuwa mweusi.

Nimesema mweusi kwa mazoea tu. Wizara ya Meli, Mabaharia na Usafi wa Upeo ilitutangazia kwamba mafuta hayahesabiwi kuwa yamemwagika mpaka mwenye meli aape kwamba yamepungua. Shekue, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye, alielezwa hali yake kwa ukamilifu. Akiapa, atahukumiwa kifungo kwa kuchafua bahari, na kifungo hicho, kwa kukosa badali, atakitumikia humo humo melini. Asipoapa, atazama katika bahari safi. Aliomba muda wa kufikiri, akapewa.

Kwa hiyo bahari ilikuwa safi. Kile kilichotanda ufukweni kilikuwa shehena ya mtu iliyotoka matembezini, na tangazo la pili likawaonya wananchi wasiiguse. Ndege weupe walitua majini wakaruka weusi, kisha wakatua na hawakuruka tena. Visima vya karibu vilianza kunuka kama karakana. Watoto walikatazwa kucheza mchangani, si kwa ajili ya afya yao, bali kwa ajili ya mali ya mwenye meli.

Bi Hadia alikosa darasa kwa juma zima. Aliporudi alikuwa amevaa soksi.

"Walikukamata kwa nini?" nilimwuliza.

"Miguu."

"Miguu imefanya nini?"

"Imebeba mzigo wa mwanao, shoga. Nilipita ufukweni na sinia langu, wakanishika kwa kumiliki shehena bila kibali. Wakanikwangua nyayo kwa kijiko, ushahidi."

"Ukawaambia utaosha?"

"Niliosha. Wakaongeza shitaka la pili, kuharibu mali. Mwambie Shekue anisamehe, sikujua kama nakanyaga utajiri wake."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Kidawa hakucheka. Alikuwa ametazama dirishani, na tulipofuata macho yake tuliona kwamba upeo una kivuli cha meli nyingine, kirefu na chenye kutu, ambacho asubuhi hakikuwapo. Aliugeukia ubao akaandika neno "uwajibikaji", na chaki ikamkatikia mkononi.

*

Ofisi ya Msajili wa Meli ina dirisha moja kubwa linalotazama mlima. Msajili mwenyewe, Bwana Makwega, alinieleza kwamba kutazama bahari kungemfanya apendelee upande mmoja. Alinipa kiti, nikakikataa kwa adabu. Niliona heri nisimame.

"Mama Shekue, nakupongeza."

"Kwa lipi, baba?"

"Umemzaa mwenye meli. Katika nchi hii wamezaliwa wangapi?"

"Mwenye meli huyo hajala, baba. Unga wa melini umekwisha."

"Sheria imeliona hilo." Akafungua kitabu bila kukitazama. "Chakula cha baharia hutolewa na mwenye meli. Mwanao anatakiwa ajipe."

"Ajipe kutoka wapi?"

"Na sisi tumemwuliza hivyo hivyo. Amekaa kimya. Tumelazimika kumpa onyo kwa kumnyima baharia haki zake."

"Baharia yupi?"

"Yeye."

Niliuliza kuhusu usingizi, maana nilikuwa nimefika kifungu cha saa za kupumzika na nilikipenda sana kwa upole wake. Bwana Makwega alikubali kwamba ni kifungu kizuri. Kinataka kila baharia alale vya kutosha, na kinataka pia meli isikose mtu wa zamu. Shekue anapolala, zamu inakuwa imetelekezwa. Anaposhika zamu, haki yake ya kulala inakuwa imevunjwa. Mashauri yote mawili yalikuwa yakiendelea vizuri.

"Lakini meli inainama," nilisema. "Ikizama je?"

Bwana Makwega alivua miwani akaifuta taratibu, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu anayezungumza na mtu.

"Ikizama, Mama, atahitajika mtu wa kujibu. Akiwa amezama nayo, hatapinga."

Nilishika mgongo wa kile kiti nilichokikataa.

"Hakuna njia ya kumshusha?"

"Ipo, tena nyepesi. Badali. Awe raia, awe na akili timamu, na aweze kusoma kifungu chake kwa sauti bila kusaidiwa, ili asije akasema alidanganywa. Tatizo letu ni kwamba raia wengi hawakusoma. Serikali ililitafakari hilo kwa uchungu mkubwa, ikafungua madarasa."

Nilimshukuru. Nilikuwa bado sijaliweza neno "uwajibikaji".

*

Kwa hisani ya Msajili, nilipakiwa katika boti ya ukaguzi nikamwone mwanangu. Meli ile ukiwa ufukweni huiona kama jengo lililoegemea upepo. Ukiikaribia, unasikia. Chuma chake kilikuwa kikilia chini kabisa, sauti nzito ya mtu anayesaga meno usingizini, na maji yaliyoizunguka yalikuwa mazito na hayana wimbi.

Shekue alitokea juu, ameshika ukingo. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, umenenepa," aliita.

"Na wewe umekuwa mrefu."

"Nimesimama upande wa juu." Akacheka, na kicheko kikamchosha. "Siku hizi napika maji ya mvua na kitunguu. Kitunguu nacho kimejifunza, kinakimbilia upande ule ule kila siku."

"Chini kunalia nini?"

Alitazama miguu yake kama mtu anayesikiliza jirani wa ghorofa ya chini.

"Kulikuwa na mlango wa chumba cha injini," alisema. "Sasa nauona nusu yake."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamenikumbusha kwamba matengenezo ni wajibu wa mwenye meli." Kisha akainama juu ya ukingo, akapunguza sauti ili maafisa wasisikie, ingawa kila mtu alisikia. "Mama, usije tena na hii boti. Nikiiona, miguu inataka kuruka."

"Usiruke."

"Nikiruka nitaangukia shehena. Najua."

Tangu siku hiyo nilisoma kama mtu anayetwanga dawa na mgonjwa yuko ndani. Nilisoma nikichota maji, nilisoma nikipanga foleni ya mashtaka ya nyayo, maana na mimi zilishanichafuka. Neno lililonishinda nililikata vipande kama muhogo, nikalitafuna kipande kipande mpaka likashuka. Mwalimu Kidawa aliniona, na badala ya kufurahi alikuwa akinipa vifungu vyepesi vya rangi za bendera na vipimo vya maboya.

"Mwalimu, hivi nimeshavipita," nilimwambia.

"Rudia," alisema. "Mtu hapotezi kitu kwa kurudia."

*

Siku ya mahafali Mheshimiwa Waziri alikuja mwenyewe, amevaa vazi jeupe, na miguu yake ikavikwa mifuko ya nailoni ili asiingie hatiani. Hema lilikuwa limefungwa kuipa bahari mgongo. Alihutubia hivi, nami nanukuu kwa heshima:

"Ndugu wananchi, zamani tuliambiwa kwamba nchi ndogo haina nafasi baharini. Leo meli za dunia zinapanga foleni kuja kupumzika kwetu. Fahari ya Upeo imeshapata dada. Tumaini la Milele imetia nanga, na nyingine ziko njiani. Kwingine meli hukaguliwa. Sisi tunaziamini. Kwingine mafuta hukimbizwa kwa mapampu na makelele. Sisi tumeyapa utulivu wa kisheria. Lakini meli bila mkaaji ni nyumba bila mlango. Taifa lilijiuliza, wakaaji watatoka wapi? Nami nawatazama ninyi, akina mama na akina baba mliolikimbia giza la ujinga, na ninaliona jibu limeketi kwenye madawati. Yeyote atakayesoma kifungu leo mbele yangu, kabla jua halijazama atakuwa mwenye meli."

Tulipiga makofi, kwa kuwa yalikuwa yameanza mbele. Kisha makofi yalikwisha na maana ikaingia.

Sijawahi kuona jambo kama lililofuata. Darasa zima, kwa wakati mmoja, lilisahau kusoma. Aliyeitwa kwanza alishika kitabu kichwa chini miguu juu. Wa pili alisema herufi zinatembea. Bi Hadia, mwanamke anayesoma hata maandishi ya magunia yaliyofutika, aliutazama ukurasa kwa huzuni akasema, "Mheshimiwa, hii ni picha ya nini?"

Waziri alimgeukia Mwalimu Kidawa. Mwalimu alikuwa amesimama wima kama mtu aliyefungwa kwenye mlingoti.

"Ni wazito," alisema. "Nimejitahidi, Mheshimiwa. Hakuna hata mmoja aliyeiva."

Nadhani huo ulikuwa uongo wa kwanza wa maisha yake, na aliusema bila kukosea.

Nikasimama. Bi Hadia alinivuta kanga kwa nguvu mpaka fundo likafunguka.

"Keti, shoga," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Keti, wewe hujui kusoma."

"Najua."

"Hujui. Nimekaa na wewe dawati moja, nitaapa hujui."

"Ule mlango wa injini sasa utakuwa umebaki robo, Hadia," nilisema, naye akaniachia.

Mwalimu Kidawa alisema mbele ya watu wote kwamba Mama Shekue bado yuko kwenye rangi za bendera. Nikakichukua kitabu mkononi mwake, naye akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia. Nikasoma: "Mkaaji atakuwa na uwajibikaji kamili wa chombo, shehena, wafanyakazi na madhara yote yaliyotokea kabla yake, wakati wake na baada yake, na hatadai kwamba hakujua." Sikukwama popote. Nilipofika kwenye "uwajibikaji" nilisikia mtu nyuma yangu akilia, nikajua ni mwalimu.

"Meli ipi, Mama?" aliuliza Waziri kwa furaha.

"Fahari ya Upeo," nilisema. "Nataka kuketi mahali pa mwanangu."

Waziri alisema hiyo ndiyo maana ya familia, na wapiga picha wakaombwa wasogee.

*

Jua lilikuwa bado kali tulipofika ubavuni mwa meli. Bwana Makwega alikuja nasi, amekaa kwenye kiti cha kukunja, ameipa meli mgongo, na kipaza sauti kimelala mapajani. Shekue aliniona kutoka juu akakunja uso.

"Nilikwambia usije na hii boti."

"Nimekuletea badali."

"Yuko wapi?"

"Ndiye unayezungumza naye."

Nilikuwa nimeshaanza kupanda. Ngazi ya kamba, kwa sababu ya kuinama, ilikuwa imejitenga na meli ikining'inia hewani, nami nilipanda nikizunguka kama kitambaa kilichoanikwa. Alinivuta kwa kwapa, akaniweka sitahani, na tuliposhikana nilihisi mbavu zake zote.

"Sishuki," alisema.

"Utashuka."

"Mama, hii inakwenda. Haimalizi juma. Mlango wa injini haupo tena."

"Ndiyo maana."

"Basi tushuke wote."

"Nimeshasaini. Na sheria haitaki wakaaji wawili katika meli moja, wa pili huhesabiwa mvamizi. Ukibaki, wewe ndiye wa pili. Unataka kuitwa mvamizi mbele ya mama yako?"

"Mama, unaniletea vifungu?"

"Ndivyo nilivyofundishwa," nilisema. "Nenda ukale."

Nilimpa kifurushi cha vitumbua alichokituma Bi Hadia. Alikitazama, akanitazama, akaniinamia akaibusu mikono yangu yote miwili, kiganja na mgongo. Alishuka polepole bila kugeuka, kwa sababu angegeuka asingeshuka. Nikaona anaketi katika boti, anafungua kifurushi na kula. Moyo wangu ulitulia kabisa. Meli ililia chini ya nyayo zangu, nami sikuijali.

Boti ilianza kuondoka. Ilielekea gatini, kama nilivyotarajia, kisha ikakata kona pana. Nilidhani inakwepa mafuta. Iliendelea kukata mpaka gati likabaki nyuma yake, nayo ikanyooka kuelekea ile meli ndefu yenye kutu. Ubavuni mwake ngazi ya kamba ilikuwa imeshateremshwa.

Niliita. Shekue alikuwa amesimama katika boti na maafisa wawili wamemshika mikono, kifurushi kimeanguka. Niliita tena kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake.

Bwana Makwega aliinua kipaza sauti, akanijibu kwa upole ule ule wa ofisini.

"Usihofu, Mama Shekue. Darasa lako limetuangusha. Hakuna mwingine anayejua kusoma. Tumaini la Milele haina mtu, na mwanao ana uzoefu. Tunakupongeza. Familia yako sasa ina meli mbili."

Nilitaka kumjibu, na kifungu cha kumjibia nilikijua. Lakini sitaha ilishuka ghafla upande wa kushoto, nikaushika ukingo kwa mikono miwili. Nilipoinua macho, mwanangu alikuwa ameshafikishwa juu kule ng'ambo, naye ameushika wa kwake.